Prosesa, turbo na ovakloki: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni fundi wa kompyuta, niko kwa kijichumba ghorofani pande za Luthuli Avenue hapa Nairobi, na haipiti siku mbili kabla mtu aingie na laptopu kwapani aulize swali lile lile la juzi. Sai nimeyaandika yote mahali pamoja. Ukiona nimekuelekeza swali lingine, enda tu huko, juu sitaki kurudia.

## Mambo ya msingi

GHz ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni hesabu ya mapigo. Ndani ya prosesa, yaani ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta, kuna kitu kama ngoma, na kila ikipiga, prosesa inasonga hatua moja. GHz 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde, kwa hivyo 3 GHz ni bilioni 3, na hapo hesabu imeisha.

Lakini hiyo namba inakuambia hatua ni ngapi, haikuambii kila hatua ni ndefu aje. Mwangalie mtoto wa nasari akipelekwa shule na babake asubuhi, mtoto anapiga hatua tatu mzee akipiga moja na bado ni mtoto anavutwa mkono. Prosesa mpya ndio huyo mzee. Inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo, ndio maana 3 GHz ya leo na 3 GHz ya miaka 15 iliyopita ni kama vitu viwili havijuani.

Mbona prosesa moja inaandikwa namba mbili, moja ya chini na nyingine ya juu?

Chukua Core i5-8250U ya kampuni ya Intel, hii iko kwa laptopu nyingi sana za ex-UK (mtumba za kutoka Uingereza) hapa mjini. Imeandikwa 1.6 GHz na pia 3.4 GHz. Ile 1.6 ndio kasi ya msingi, yaani mtengenezaji anakuahidi kwamba kori zote (zile sehemu za ndani ya prosesa, kila moja inafanya kazi yake) zikipewa kazi nzito kwa masaa, na joto liwe limetolewa vile inafaa, haitashuka chini ya hapo na haitakula zaidi ya wati 15. Ni kama bei ya mwisho ya muuzaji wa nguo, ile akifika anakuambia hapo siwezi toa kitu. Ile 3.4 ndio juu kabisa inaweza kufika yenyewe ikiwa iko na baridi na stima ya kutosha, na huko kujipandisha ndio kunaitwa turbo.

Maisha yako yote na hiyo mashine yataishia katikati ya hizo namba mbili. Ukiwa karibu na gani, hiyo sasa inategemea joto, na ndio maana sehemu kubwa ya haya majibu ni hadithi ya joto.

Niliambiwa laptopu ya 2.4 GHz ni kali kuliko ya 1.6 GHz. Ni ukweli?

Hili swali likiwa na mguu lingekuwa limefika Mombasa na kurudi. Kuna mama mmoja wa Rongai alikuja kwangu na laptopu amemnunulia msichana wake anaingia kampasi, duka lilikuwa na mbili za karibu bei moja, na kijana wa kuuza akamshauri achukue "ile ya 2.4 juu ina nguvu". Akachukua iko na i5-6300U, akaacha ya i5-8250U kwa meza. Nilinyamaza kidogo kabla nimjibu.

Angalia hivi. i5-6300U iko na kori 2, msingi 2.4, ikijivuta sana inafika 3.0. i5-8250U iko na kori 4, msingi 1.6, na inafika 3.4. Zote zimepewa wati 15. Sufuria ya ugali ni moja, watoto wawili wakikaa mezani kila mmoja anahakikishiwa sahani ya 2.4, wakikaa wanne kila mmoja anahakikishiwa 1.6, lakini ukijumlisha, hao wanne wamekula zaidi na wamefanya kazi zaidi. Na siku mtoto mmoja ndio yuko na njaa, huyo wa nyumba ya wanne anapewa mpaka 3.4, mwenzake anaishia 3.0. Kwa hivyo ile ya "1.6" inamshinda mwenzake pande zote mbili.

Ukienda dukani angalia namba inayofuata i5 ama i7, sio GHz. 6300U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8, 1135G7 ni cha 11. Na kwa Intel kizazi cha 8 ni mpaka muhimu, juu Windows 11 inakubali rasmi kuanzia hapo, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Kwani zamani si tulikuwa tunahesabu GHz tu na inatosha?

Ilitosha mpaka 2004. Intel walikuwa wanakimbiza namba na Pentium 4, wakafika 3.8 GHz, wakawa wameahidi 4 GHz, halafu mwaka huo wakaifuta. Ilikuwa inakula stima mingi na joto limeshindikana. Kutoka hapo kampuni zote zikaanza kuongeza kori na kurefusha ile hatua moja badala ya kupiga ngoma haraka tu. Stika za dukani ndio hazijapata hiyo habari.

## Kujibusti kwenyewe

Turbo inawashwaje? Kuna programu natakiwa kuweka?

Hakuna. Imewashwa saa hii unaposoma. Intel walileta Turbo Boost kwa zile Core i7 za kwanza 2008, washindani wao AMD wakafuata 2010 na Turbo Core kwa prosesa zao za Phenom II za kori 6, na tangu prosesa zao za Ryzen zitoke 2017 yao inaitwa Precision Boost. Zote wazo ni moja: prosesa inajipima mara nyingi sana kwa sekunde, inauliza joto liko ngapi, nakula wati ngapi, kori ngapi ziko kazini, na kama kuna nafasi inapanda, nafasi ikiisha inashuka. Yule anakuuzia programu ya "kuwasha turbo" anakuuzia maji ya mvua.

Imeandikwa 4.7 GHz na mimi sijawahi iona. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ni lugha ya sanduku tu. Hiyo namba kubwa kawaida ni ya kori moja ama mbili. Core i7-8700K kwa mfano, msingi 3.7, kori moja ikifanya kazi inafika 4.7, lakini kori zote 6 zikiamka pamoja inakuwa 4.3. Ukifungua gemu ama ukirenda video (kuitoa iwe faili moja iliyokamilika) unaamsha zote, kwa hivyo 4.7 utaiona ikipita kama nyota ya kuanguka wakati unafungua Word.

Ikijibusti inakaa huko juu muda gani?

Desktopu nzuri yenye feni kubwa inaweza kukaa siku nzima. Laptopu ni hadithi ingine. Kwa Intel kuna mipaka miwili ya stima, wa muda mfupi na wa muda mrefu, na kuna saa inayohesabu, kwa laptopu nyingi sekunde 28. Ukianza kazi nzito inaruhusiwa kula zaidi, pengine hata zaidi ya mara mbili ya zile wati 15 ikitegemea mwenye kuunda laptopu aliweka nini, halafu muda ukiisha inarudishwa kwa zile 15.

Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 hapo Kasarani 2021, piga hesabu ni kama kilomita 37 kwa saa. Kipchoge huko Vienna 2019 alimaliza marathoni kwa 1:59:40, kama kilomita 21 kwa saa. Hakuna mtu anaambia Kipchoge yeye ni polepole. Sasa 3.4 ni Omanyala na 1.6 ni Kipchoge, tofauti ni kwamba kwa prosesa hao wawili wanaishi kwa mwili mmoja. Ukifungua ukurasa wa intaneti unataka yule wa mita 100, ukirenda video ya saa moja utapata yule wa marathoni, na ndio maana laptopu nyembamba huonekana moto sana dukani kwa dakika tano za kujaribu halafu nyumbani ikachoka.

Nikiwa sifanyi kitu inaonyesha 0.8 GHz, chini hata ya msingi. Imeharibika?

Hapana, inalala. Msingi ni ahadi ya wakati wa kazi, sio wa usingizi. Ikikosa kazi inashuka ili betri idumu. Fungua kitu kizito uone kama itapanda. Ikikataa kupanda, soma linalofuata.

Task Manager ya Windows inasema 0.39 GHz (ama 0.79) na haipandi hata nikifanya nini. Laptopu inaenda kama kobe.

Kabla uifungue, kabla ubadilishe Windows, kabla ulipe mtu: chomoa chaja. Kwa kesi nyingi nimeona kasi inarudi hapo hapo, ama inarudi ukiizima kabisa na kuiwasha na betri peke yake.

Iko hivi. Prosesa iko na waya wa dharura ambao sehemu zingine za mashine zinaweza kuutumia kuiambia "shuka sasa hivi, kuna shida". Laptopu nyingi huongea na chaja yake kujua ni ya wati ngapi, na ukinunua chaja ya bei ya kando ya barabara ambayo haijui kujibu, laptopu inaogopa, inavuta huo waya, na prosesa inashuka chini kabisa kujilinda. Betri iliyokufa pia inaweza kuleta hiyo shida, na sensa mbovu ya joto pia. Kuna programu inaitwa ThrottleStop watu huitumia kuziba prosesa masikio isisikie huo waya (tiki ya BD PROCHOT), na inafanya kazi, lakini kama shida ni joto la kweli umetoa king'ora na moto bado unawaka. Anza na chaja ya ukweli.

Turbo inaua prosesa? Niizime?

Haiui. Imehesabiwa na mwenye kuiunda na iko ndani ya waranti. Prosesa nyingi za Intel mpaka wa joto ni digrii 100, Ryzen 5000 nyingi ni 90, na Ryzen 7000 nyingi zimeundwa kukaa hata 95 bila wasiwasi. Ikigusa mpaka inajipunguza yenyewe, ikizidi sana inajizima.

Kuna wakati lakini mimi mwenyewe huizima. Nikiwa na laptopu kwa matatu ya kwenda Nyeri na nataka betri ifike, ama mtu anaandika tu na feni inapiga kelele kama posho mill. Kwa Windows enda kwa mipangilio ya kina ya nguvu, tafuta "Maximum processor state" uweke asilimia 99 badala ya 100. Hiyo asilimia moja tu inafunga turbo kwa mashine nyingi, i5-8250U yako itabaki 1.6 na itakuwa baridi na kimya. Ukitaka nguvu, rudisha 100.

## Joto, vumbi, na hii Nairobi yetu

Laptopu ilikuwa na kasi nikinunua, sai baada ya mwaka inakwama. Prosesa imezeeka?

Prosesa haizeeki hivyo. Kile kimebadilika ni njia ya joto kutoka. Fungua mfuniko wa chini uangalie kati ya feni na zile mbavu za shaba, utapata blanketi. Si vumbi ya kupuliza, ni blanketi, hasa kama unaishi karibu na barabara ya vumbi ama kwa nyumba ni zulia la manyoya na paka. Nimewahi toa kwa mashine moja ya Kayole kipande unaweza shona nacho soksi.

Halafu kuna peisti ya joto kati ya prosesa na ile shaba, inakauka na miaka. Ex-UK nyingi zimefanya kazi ofisini miaka mitatu, minne, kabla zifike hapa na hakuna mtu amegusa hiyo peisti. Safisha ya zamani na spiriti, weka mpya kidogo, kama punje ya dengu, sio kupaka kama siagi kwa mkate. Hii ndio "ovakloki" (kuipandisha prosesa kwa mkono, tutafika huko) ya kwanza ya mtu wa kawaida, na ukiniuliza mimi, kwa laptopu ndio ya pekee yenye maana. Ile turbo ulilipia inarudi.

Nairobi ni baridi, si hiyo inasaidia?

Inasaidia, hasa Julai. Hewa ya chumba ikiwa digrii 17 badala ya 32 za Mombasa, hizo digrii 15 prosesa inazipata karibu zote. Mteja wangu wa Nyali hulia mashine ni moto, akija nayo Nairobi tunakaa tukitafuta shida haipo.

Lakini kuna upande watu hawajui. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Feni inasukuma hewa ile ile kwa macho lakini hewa yenyewe ni kidogo, kwa hivyo inabeba joto kidogo. Baridi yetu inafuta hiyo hasara na chenji inabaki, ila usishangae Mmarekani wa karibu na bahari akipata digrii chache chini yako na feni ile ile.

Naitumia kitandani, ni mbaya?

Blanketi inaziba matundu ya chini. Weka hata sinia.

## Ovakloki yenyewe

Ovakloki ni nini, tofauti na turbo?

Turbo ni prosesa kujipandisha ndani ya mipaka ya mwenye kuiunda. Ovakloki ni wewe kuvuka huo mpaka kwa hiari yako na kwa gharama yako.

Kasi inatoka kwa hesabu ya kuzidisha. Kuna mdundo wa msingi wa mazabodi (ile bodi kuu prosesa inakaa juu yake), kawaida MHz 100 (MHz 1,000 ni GHz 1), na kuna kizidishi cha prosesa. 100 mara 36 ni 3.6 GHz. Ukienda kwa BIOS (ile mipangilio ya mashine unayoingia kabla Windows iwake) ukaweka 42, umepata 4.2. Zamani watu walicheza na ule mdundo wenyewe. 1998 kulikuwa na Celeron 300A ya bei ya chini, 300 MHz, ukitoa mdundo 66 ukaweka 100 ilikuwa inaruka mpaka 450 na kufikia prosesa za bei mara kadhaa. Siku hizi ukigusa mdundo unaweza kuvuruga vitu vingine vinavyoutegemea, wacha tu.

Prosesa yangu inakubali?

Kwa Intel ya desktopu angalia herufi ya mwisho. K, KF ama KS, imefunguliwa. Bila K, imefungiwa spidi gavana kama matatu za sheria za Michuki, 80 kwa saa basi. Na pia unahitaji mazabodi ya Z, kama Z690 ama Z790, zile za B hazikubali kuongeza kizidishi cha prosesa.

AMD ni wakarimu, Ryzen za desktopu karibu zote zimefunguliwa, na mazabodi za B na X zinakubali. Za A320 na A520 hapana. Kuna zingine za peke yake kama Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ambayo kizidishi kimefungwa, juu ile kashe (kumbukumbu yake ya haraka) imewekwa juu yake haipendi volti nyingi.

Na laptopu yangu ya i5?

Hapana. Kama jina linaisha na U, imefungwa, na hata ingefunguliwa joto lingekukataza. Rudi swali la vumbi.

Nikiongeza kasi asilimia 10, joto si linaongezeka asilimia 10 pia?

Ingekuwa hivyo tungekuwa tunafanya wote. Shida ni volti. Kasi ikipanda prosesa inaanza kukosea hesabu mpaka uiongezee volti, na joto linafuata volti mara yenyewe. Piga hesabu na mimi: umetoa prosesa 4.0 ukaipeleka 4.5, hiyo ni asilimia 12.5 zaidi. Lakini ili itulie ukatoa volti 1.20 ukaweka 1.35. 1.35 gawa kwa 1.20 ni 1.125, mara yenyewe ni kama 1.27, halafu zidisha na ile 1.125 ya kasi, unapata 1.42. Kwa hivyo umepata kasi ya asilimia 12.5 na umelipa joto na stima asilimia 42. Tokeni za stima zitakuambia mwisho wa mwezi.

Na hiyo 12.5 yenyewe kwa gemu mara nyingi huioni, juu kadi ya michoro ndio inangojewa. Mimi nimefanya ovakloki kwa miaka na nitakuambia ukweli, kwa prosesa za sasa zinajivuta zenyewe mpaka karibu na ukingo tayari, nafasi iliyobaki ni ya mikono ya mtu anapenda tu kuchezea.

Nitajuaje kama ovakloki yangu imetulia?

Sio kwa kuwaka. Kuwaka ni rahisi. Panda kidogo kidogo, MHz 100 kwa wakati, kila hatua ukimbize Cinebench (programu ya kuipa prosesa kazi nzito) mara kadhaa huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha joto, na ukifika mahali unapapenda weka OCCT ama Prime95, programu za kuitesa, masaa, sio dakika. Ikizima, ikijiwasha upya, ama ikionyesha skrini ya bluu, shuka hatua moja. Na usifuate namba za mtu wa video, chipu mbili za jina moja hazifanani, ni bahati nasibu ya kiwandani.

Mimi nilikuwa na Core i5-2500K, prosesa tamu sana ya 2011, msingi 3.3, turbo 3.7. Nikaivuta 4.6, nikaipima robo saa, ikanyamaza, nikajiita injinia. Wiki mbili baadaye niko narenda video ya harusi ya watu wa Machakos, inatakiwa Jumamosi, saa tisa usiku iko asilimia 80 mashine ikajizima na kujiwasha. Nikaanza tena, ikafika mahali tofauti ikajizima tena. Ilinichukua mpaka alfajiri kukubali ni ile ovakloki yangu, nikashusha 4.2 na ikamaliza bila neno, lakini video ilifika Jumatatu na baki ya pesa sikuona mpaka leo.

Nimebonyeza kitu kwa BIOS sai haiwaki kabisa.

Tulia. Zima ukutani, toa ile betri ndogo ya mviringo kwa mazabodi dakika kadhaa (desktopu), rudisha. BIOS itasahau kila kitu na kurudi kawaida.

RAM niliyonunua imeandikwa 3200 na naona 2400 ama 2133. Ni feki?

Mara nyingi si feki. RAM ya DDR4 huanza kwa kasi ya usalama, na ile ya kwa sanduku unaiwasha mwenyewe kwa BIOS, inaitwa XMP, ama EXPO kwa DDR5 za AMD. Kiufundi hiyo ni ovakloki pia, ila ndio ya upole zaidi na ndio ningekuambia ufanye kwanza, hasa ukiwa na Ryzen.

Nasikia watu wanapunguza volti badala ya kuongeza. Kuna maana?

Kuna maana kuliko kuongeza, kwa maoni yangu. Kiwanda huweka volti za ziada ili hata chipu dhaifu itulie, na yako pengine haizihitaji. Ukitoa kidogo joto linashuka, na joto likishuka turbo inakaa juu muda mrefu, kwa hivyo unapata kasi kwa kupunguza. Kwa Ryzen 5000 na zilizofuata kuna mpangilio wa kufanya hivyo kwa BIOS, unaitwa Curve Optimizer. Kwa laptopu za Intel mlango ulifungwa kwa nyingi baada ya Desemba 2019, watafiti walionyesha shambulizi linaitwa Plundervolt lililotumia hiyo njia ya volti kuiba siri ndani ya prosesa, na masasisho ya BIOS yakaziba. Kama ThrottleStop inakuonyesha imefungwa, ndio sababu. Upimaji ni ule ule, volti kidogo sana pia inaangusha mashine.

## Kesi za kando

Waranti inaenda?

Ovakloki, ndio, Intel na AMD wote wanasema kuvuka mipaka kunaweza kuiharibu. Turbo ya kawaida haina shida. Kwa mtumba swali lenyewe ni la kucheka, waranti yako ni uso wa yule aliyekuuzia.

Na zile i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinakufa bila mtu kuzigusa?

Hiyo ni kweli. 2024 Intel walikubali kwamba prosesa za desktopu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti ya juu kupita kiasi na zinaharibika pole pole, watu wakiona gemu zinaanguka bila sababu. Walitoa rekebisho kupitia BIOS Agosti 2024, lingine Septemba, na wakaongeza waranti ya zile zinazouzwa kwa boksi lake miaka miwili. Rekebisho linazuia, haliponyi, iliyoharibika imeharibika. Ukiuziwa i7-13700K ama i9-14900K ya mkono wa pili kwa bei tamu sana, uliza ilikuwa na BIOS ya lini.

Stima ikipotea nikiwa nimeovakloki itachomeka?

Kupotea kwa stima hakuiui, ile kurudi kwa kishindo ndio mbaya, na hiyo inaua pawasaplai hata ya mashine haijaguswa. Weka UPS, ile betri ya akiba ya kushikilia stima. Na usisasishe BIOS bila UPS, hiyo stima ikikata katikati utanitafuta.

Kuna mtu amefika ngapi?

Oktoba 2023 Core i9-14900KF ilipitishwa 9 GHz, kwa kumwagiwa heliamu ya maji, kitu kiko karibu na digrii 269 chini ya sifuri. Usijaribu na kreti ya barafu.

Nanunua prosesa ya mkono wa pili. Nitajuaje ilikuwa imeovaklokiwa?

Hutajua. Prosesa haina mita ya kilomita, na mipangilio ya ovakloki inakaa kwa BIOS ya mazabodi, sio kwa chipu, kwa hivyo ukiitoa inaenda ikiwa safi kama mtu ametoka kunyoa. Muuzaji akikuapia haijawahi guswa, yeye mwenyewe pengine hajui.

Unachoweza ni kuipima. Kama ni ya pini, ziangalie na taa ya simu, kusiwe na iliyopinda. Omba iwekwe kwa mazabodi hapo hapo, BIOS irudishwe ya kawaida, uone kama inafika ile kasi yake ya turbo kori moja ikifanya kazi, halafu zote zikiwa kazini. Kimbiza OCCT nusu saa hivi. Ikiwa inahitaji volti zaidi ya kawaida ili itulie, ama inaanguka kwa mipangilio ya kiwanda, huyo mwenye wa kwanza aliichosha. Muuzaji akikataa kukupa hiyo nusu saa, mwambie unaenda kunywa chai na utarudi, halafu usirudi.